Trafiki akikutaka upulize: Sheria ya kupima ulevi wa madereva inasemaje?

Ni saa 12 kasoro asubuhi katika stendi ya mabasi ya Kahama. Injini zinaunguruma, wapiga debe wanaita abiria wa Mwanza, Geita na Dodoma, na makondakta wanafunga mizigo. Askari wa usalama barabarani anapita basi hadi basi na kifaa kidogo kinachotoshea mkononi. Anamwita dereva, anabadilisha mrija, anamwambia avute pumzi na apulize bila kukata. Baada ya sekunde chache namba inatokea, na kwa dereva huyo namba hiyo inaweza kuwa mwanzo wa safari au mwisho wa kazi.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili linawagusa watu wengi. Barabara kuu inayotoka Dodoma na Singida hupita Nzega, Tinde, Isaka na Kahama, ikaendelea Ushirombo na Lusahunga hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda. Humo hupita mabasi, malori ya mafuta na makontena usiku na mchana. Pembeni yake kuna uchumi wa dhahabu: Bulyanhulu na Kakola, Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Masumbwe. Ni miji na machimbo ambayo hayalali. Siku duara likitoa, fedha inaingia mifukoni mwa vijana wengi kwa wakati mmoja, baa hujaa, na bodaboda ndio usafiri wa kurudi nyumbani.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini kuhusu kumpima dereva anayeshukiwa kuwa amelewa, kipimo kinafanyaje kazi, nini haki na wajibu wa dereva, na wapi sheria yenyewe inalalamikiwa kuwa na mapengo.

Sheria yenyewe ni ipi?

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Ilitungwa mwaka 1973 ikiwa Sheria Namba 30, na imefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Zanzibar ina sheria yake.

Kuhusu ulevi, sheria hii inataja makosa ambayo watu wengi huyachanganya. Ni vizuri kuyatenganisha.

Kosa la kwanza ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo. Hapa kinachotazamwa ni hali ya dereva, si namba. Ushahidi unaweza kuwa jinsi alivyokuwa akiyumba barabarani, jinsi alivyosimama na kuzungumza, harufu ya pombe, na maelezo ya daktari aliyemwona. Kosa hili linahusu pombe na pia dawa za kulevya. Halimhusu tu aliyekuwa akiendesha. Linamgusa pia aliyekuwa akijaribu kuendesha na yule ambaye chombo kiko mikononi mwake barabarani.

Kosa la pili ni kuendesha ukiwa na kilevi mwilini kinachozidi kiwango kilichowekwa. Hapa kinachotazamwa ni namba. Huhitaji kuwa unayumba. Hata kama unaongea vizuri na unajiona mzima, ukizidi kiwango umetenda kosa.

Kosa la tatu ni kusababisha kifo au kumjeruhi mtu ukiwa umelewa. Hili ni zito kuliko yote mawili, na adhabu yake ni kubwa zaidi.

Kiwango ni kipi?

Kwa dereva wa kawaida anayeendesha gari lake binafsi, kiwango cha juu ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Katika maandishi ya kitaalamu mara nyingi huandikwa 0.08.

Kwa madereva wa magari ya biashara, yaani wanaobeba abiria au mizigo kwa malipo, kiwango ni sifuri. Hakuna bia moja ya kutoa uchovu. Ndiyo maana dereva wa basi anaweza kuzuiwa kuondoka stendi kwa namba ambayo mwenye gari binafsi angepita nayo bila kosa.

Dereva wa bodaboda naye ni dereva. Pikipiki ni chombo cha moto mbele ya sheria, na anayebeba abiria kwa nauli anabeba dhamana ileile ya roho za watu. Dhana kwamba sheria ya ulevi ni ya wenye magari tu haina msingi wowote.

Namba hii ya 80 haikuokotwa hewani. Uingereza ilipitisha sheria yake ya usalama barabarani mwaka 1967, ikaweka miligramu 80 na kuwapa polisi mamlaka ya kupima pumzi barabarani. Tanzania ilipotunga sheria yake miaka sita baadaye, ilifuata mpangilio unaofanana sana na huo: pumzi kwanza, maabara baadaye. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zilifanya hivyo. Kenya na Uganda nazo zina miligramu 80.

Nani anaweza kukupima, na wakati gani?

Mwenye mamlaka ya kumtaka dereva apulize ni askari polisi aliyevaa sare. Mgambo, sungusungu, mlinzi wa kampuni au mtu aliyejitambulisha kwa maneno tu hana mamlaka hayo barabarani.

Askari naye hapimi kwa sababu hakupendi sura yako. Sheria inataka awe na sababu ya msingi ya kushuku kwamba una kilevi mwilini, au kwamba umetenda kosa la barabarani wakati chombo kikiwa kwenye mwendo. Kuyumba, kupita taa nyekundu, kulipita gari jingine mahali pasiporuhusiwa, au harufu ya pombe kioo kinaposhushwa vinaweza kuwa sababu. Ajali nayo ni sababu: aliyekuwa akiendesha chombo kilichohusika anaweza kutakiwa apulize, pale pale au mahali pa karibu.

Ikiwa dereva aliyepata ajali amelazwa hospitali, daktari anayemhudumia ndiye mwenye kauli ya kwanza. Akiona kipimo kitamdhuru mgonjwa au kitavuruga matibabu, askari husubiri.

Kwenye stendi hali ni tofauti kidogo. Dereva wa basi la abiria hufanya kazi chini ya leseni na masharti ya usafirishaji, na ukaguzi kabla ya safari ni sehemu ya kazi. Ukaguzi huo huongezeka nyakati za sikukuu. Pia tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, ukaguzi wa asubuhi peke yake hautoshi, kwa sababu basi linaloondoka saa 4 usiku nalo lina dereva aliyekuwa na mchana mzima mikononi mwake.

Hatua kwa hatua: nini hutokea?

Hatua ya kwanza ni pumzi. Askari anapaswa kutumia mrija mpya kwa kila mtu. Unapuliza kwa mfululizo hadi kifaa kitoe mlio. Pumzi inayohitajika ni ile ya mwisho inayotoka ndani ya mapafu. Upulizaji wa kukatakata hautoi jibu sahihi, na mara nyingi utaambiwa urudie.

Hatua ya pili hutegemea namba. Kifaa kikionyesha huna kilevi au uko chini ya kiwango kinachokuhusu, na hakuna kosa jingine, unaendelea na safari. Kikionyesha umezidi, askari anaweza kukukamata na kukupeleka kituoni. Chombo hakiendeshwi na wewe tena. Atatafutwa dereva mwingine mwenye leseni, au kitabaki chini ya ulinzi wa polisi.

Hatua ya tatu ni maabara. Kwa kosa la kuzidi kiwango, sheria ilijengwa juu ya sampuli ya damu au mkojo iliyopimwa maabara, si juu ya kifaa cha barabarani peke yake. Kifaa cha barabarani kinampa askari sababu ya kukukamata, na sampuli ndiyo inayotakiwa kusema mbele ya hakimu kiasi halisi kilichokuwa mwilini. Damu hutolewa na mtaalamu wa afya, si askari. Katika matukio ya majeruhi, fomu ya polisi ya PF3 ndiyo inayofungua mlango wa uchunguzi wa kitabibu.

Hatua ya nne ni mahakama. Makosa madogo ya barabarani humalizwa kwa notisi ya faini unayolipa kwa namba ya malipo ya serikali. Ulevi si wa kundi hilo. Kwa kawaida ni kesi ya kufikishwa mahakamani, na hakimu anaweza kutoa faini, kifungo, au vyote viwili, na juu yake kufungia au kufuta leseni ya udereva. Kwa mtu anayeishi kwa usukani, hili la leseni ndilo linalouma zaidi.

Je, ninaweza kukataa kupuliza?

Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea, na kunaweza kukufanya ukamatwe hata kabla ya namba yoyote kuonekana. Madereva wengine huamini kwamba wakikataa hapatakuwa na ushahidi. Sheria iliuona ujanja huo mapema.

Sababu ya msingi ni jambo la afya linalothibitika, kwa mfano ugonjwa wa mapafu unaomfanya mtu ashindwe kupuliza kwa nguvu, au jeraha la mdomo. Katika hali hiyo mweleze askari mara moja na kwa utulivu, na uombe kipimo cha aina nyingine hospitali.

Unayo haki ya kuuliza umesimamishwa kwa sababu gani, kuona mrija mpya ukitolewa kwenye pakiti, na kuona namba iliyoonyeshwa na kifaa. Unaweza kueleza kwamba umetoka kunywa au kusukutua mdomo sasa hivi, ili askari asubiri dakika 15 hadi 20 kabla ya kupima. Kilevi kilichobaki mdomoni huweza kupandisha namba kuliko hali halisi ya damu, na hata dawa za kusukutua zenye spiriti hufanya hivyo. Baada ya muda huo, cha mdomoni huwa kimekwisha.

Ukikamatwa, huwi mkosaji bado. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitika. Unayo haki ya kujua kosa unalotuhumiwa, kuwajulisha ndugu, na kuomba dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukiombwa fedha ili namba "isahaulike", hiyo ni rushwa, na anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Namba ya TAKUKURU ya bila malipo ni 113.

Namba inatokeaje kwenye pumzi?

Pombe unayokunywa huingia kwenye damu kupitia tumbo na utumbo. Damu inapopita kwenye mapafu, sehemu ndogo ya kilevi hugeuka mvuke na kutoka na pumzi. Uwiano unaotumiwa na vifaa vingi ni 2,100 kwa 1: kilevi kilichomo katika mililita moja ya damu hukadiriwa kuwa sawa na kile kilichomo katika mililita 2,100 za pumzi. Mmarekani Robert Borkenstein alitumia kanuni hii mwaka 1954 kutengeneza kifaa cha kupima ulevi kilichoweza kubebwa na polisi. Vifaa vya leo ni vidogo zaidi, lakini kanuni haijabadilika.

Kwa sababu hiyo, angalia kifaa kinaandika kwa kipimo gani. Baadhi huonyesha kiasi cha damu, vingine kiasi cha pumzi. Uingereza na Kenya, kwa mfano, huandika kiwango cha pumzi kuwa mikrogramu 35 katika mililita 100. Mtu akisoma 35 hiyo kama ya damu atadhani yuko chini sana, kumbe yuko mpakani.

Hesabu ya bia na saa

Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa moja hupandisha damu kwa miligramu 40 hivi. Kwa mwanamke wa kilo 55, chupa hiyo hiyo huweza kufika miligramu 65, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuisambaza. Ini huondoa wastani wa miligramu 15 kwa saa. Hizi ni wastani, na watu hutofautiana.

Sasa chukua mfano wa dereva wa kilo 70 anayeanza kunywa saa 2 usiku na kumaliza chupa ya tano saa 6 usiku. Chupa tano zinampa miligramu 210. Kwa saa nne alizokaa baa, ini limeondoa 60. Anapokwenda kulala ana 150.

Saa 11 alfajiri anaamka, anaoga maji ya baridi, anakunywa chai ya rangi na chapati. Anajiona mpya. Damu yake bado ina 75. Saa 12 asubuhi anashika usukani akiwa na 60. Kama anaendesha gari lake binafsi, yuko chini ya kiwango cha sheria, ingawa uwezo wake wa kukadiria umbali na kushika breki kwa wakati bado umepungua. Kama ni dereva wa basi, Hiace au lori, ameshakosa. Kwake yeye sifuri itafika saa 4 asubuhi, wakati basi lake lilipaswa kuwa limeshafika mbali.

Kahawa haiondoi kilevi, wala kuoga, ndimu, mchuzi wa pweza au supu ya utumbo. Vinaweza kukuamsha, lakini vinakuacha mlevi uliye macho. Kinachoondoa ni muda tu.

Kwa pombe za kienyeji hesabu hii haifanyi kazi, kwa sababu hakuna lebo. Gongo ni haramu na nguvu yake hubadilika kutoka mpishi hadi mpishi. Viroba, ile pombe kali ya mifuko ya plastiki iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini hata vijiweni vya bodaboda, vilipigwa marufuku Machi 2017. Moja ya sababu za marufuku ilikuwa urahisi wake: vilikaa mfukoni, na mtu aliweza kuvinywa akiwa kazini.

Bangi, mirungi na dawa za hospitali

Hapa ndipo kifaa cha barabarani kinapofika mwisho. Kipima ulevi hutambua pombe tu. Hakioni bangi, mirungi, heroini wala vidonge vya kulevya. Dereva aliyevuta bangi anaweza kupuliza na kupata sifuri.

Sheria haijamwachia. Kosa la kuendesha ukiwa umelewa linahusu pia dawa za kulevya, lakini kwa dawa hakuna kiwango cha namba kama cha pombe. Upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha kwamba dereva alishindwa kukimudu chombo kwa sababu ya dawa. Hilo linahitaji macho ya askari, maelezo ya daktari, na majibu ya maabara ya damu au mkojo. Mkojo peke yake una shida yake: dalili za bangi huweza kubaki mwilini siku nyingi baada ya ulevi kuisha, kwa hiyo jibu la "ipo" halisemi kwamba dereva alikuwa amelewa saa ile. Kupatikana na bangi au mirungi ni kosa lingine kabisa, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Katika maeneo ya machimbo na kwa madereva wa masafa marefu, mirungi na vidonge hutumiwa zaidi kufukuza usingizi kuliko kustarehe. Hatari yake ni kwamba usingizi hauondoki, unaahirishwa tu. Ukirudi, hurudi ghafla.

Dawa halali nazo zimo. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama Piriton, huleta usingizi mzito. Ukiandikiwa dawa, muulize mfamasia swali moja: "Naweza kuendesha?"

Ndani ya geti la mgodi na nje yake

Wengi wanaofanya kazi katika migodi mikubwa ya ukanda huu wanakijua kipimo kuliko madereva wa barabarani. Kwenye migodi hiyo mfanyakazi hupulizishwa getini kabla ya zamu, na kiwango ni sifuri. Anayekutwa na kilevi haingii, na anaweza kupoteza ajira.

Kipimo hicho si kile cha polisi. Kinatokana na kanuni za usalama kazini na mkataba wa ajira, na adhabu yake ni ya kinidhamu. Polisi wakihusika, huwa ni kwa sababu nyingine, kama ajali.

Tofauti hii inaleta jambo la kufikirisha. Mtu huyohuyo hupimwa kila siku kabla ya kuendesha mtambo ndani ya uzio ambako hakuna watoto wanaovuka barabara. Akitoka getini anapanda bodaboda au mchomoko unaoendeshwa na mtu ambaye huenda hajapimwa hata mara moja tangu apate leseni, kama anayo. Kwa mchimbaji mdogo hata geti hakuna. Kutoka duarani hadi kwenye makarasha, na kutoka makarasha hadi mjini, usalama wake uko mikononi mwa dereva aliyempata.

Mapengo yanayolalamikiwa

Pengo la kwanza ni kiwango chenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi miligramu 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana na wenye leseni mpya. Scotland, iliyokuwa ikitumia 80 kama Uingereza yote, ilishuka hadi 50 Desemba 2014. Hapa nchini, mtandao wa asasi za kiraia unaoratibiwa na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) umekuwa ukitaka sheria ya 1973 irekebishwe, ulevi ukiwa mmoja wa vihatarishi vitano pamoja na mwendokasi, kofia ngumu, mikanda na vizuizi vya watoto. Katika mfano wetu wa chupa tano, kwa kiwango cha 50 hata mwenye gari binafsi angekuwa na kosa saa 12 asubuhi.

Pengo la pili ni umbali. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mwanza. Ajali ikitokea usiku huko Runzewe au Masumbwe, majeruhi lazima wahudumiwe kwanza, mtaalamu wa kutoa damu apatikane, kisha sampuli ihifadhiwe vizuri na isafirishwe. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kati ya Geita na Mwanza, lakini ini la mshukiwa halisubiri daraja. Kwa kila saa inayopita kabla ya damu kutolewa, miligramu 15 zimeondoka. Aliyekuwa na 110 wakati wa ajali, akitolewa damu baada ya saa tatu, atakuta 65, na kesi ya kuzidi kiwango imepungua nguvu.

Pengo la tatu ni vifaa. Askari mmoja hawezi kumpima kila anayepita, na vijiji vingi vya machimbo haviko kwenye lami ambako trafiki husimama. Wapita njia za vumbi kati ya Nyarugusu na Rwamgasa wanaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na kipima ulevi.

Funzo kutoka kwa majirani

Kenya iliingiza kanuni za kipima ulevi mwaka 2011, na wananchi wakakiita kifaa hicho "Alcoblow". Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilikuta tatizo: sheria mama ilitaka ithibitike kwamba dereva ameshindwa kukimudu chombo, ilhali kanuni zilifanya kuzidi namba tu kuwa kosa. Kanuni haiwezi kwenda mbali kuliko sheria iliyoizaa. Tanzania haina mgongano huo, kwa sababu makosa yote mawili yamo ndani ya sheria yenyewe. Ila somo linabaki: operesheni isiyosimama juu ya maneno ya sheria huanguka mahakamani, na walevi wa kweli hupita kwenye tundu hilo hilo.

Uganda nako, ambako kipimo kinaitwa "Kawunyemu", askari huweka vizuizi usiku karibu na maeneo ya starehe, saa ambazo walevi wanatoka. Wanajua kwamba kumpima dereva asubuhi peke yake ni kumkuta mlevi akiwa anaelekea kupona.

Kwa abiria na mwenye chombo

Abiria hana kipima ulevi, lakini ana pua, macho na mdomo. Dereva wa Hiace au bodaboda akinuka pombe, shuka. Nauli ikipotea utaipata tena. Kwenye basi, mwambie askari wa stendi au wa kizuizi kinachofuata, au piga 112. Malalamiko ya usafiri wa abiria hupelekwa pia LATRA, ambayo hufuatilia mabasi kwa mfumo wa kutambua mwendo na dereva aliye kwenye usukani.

Mwenye chombo naye akumbuke bima. Mikataba mingi ya bima kubwa ina kifungu kinachoiruhusu kampuni kukataa kulipa uharibifu wa gari lako kama dereva alikuwa amelewa. Soma mkataba kabla ya kumkabidhi kijana funguo.

Kwa dereva, kanuni ni fupi kuliko sheria yote hii. Kama kesho saa 12 asubuhi unashika usukani wa abiria, chupa ya mwisho inatakiwa iwe ya jana mchana. Na kama leo umeshakunywa, pikipiki ilale hapohapo baa, wewe utafute wa kukurudisha.